Mabua mnachoma, Oktoba mnalia

Allgäu, kusini mwa Ujerumani, Juni

Ndugu zangu wa Kishapu,

Mdogo wangu kanitumia picha ya mavuno. Mahindi mazuri, nampongeza. Ila nyuma ya magunia nimeona moshi: mabua ya shamba zima yanateketezwa, na ng'ombe wetu wamesimama kando wanatazama chakula chao kikiungua. Jamani, kweli?

Huku nilipo, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi ng'ombe hana jani la kung'ata nje. Theluji. Anakaa bandani na kula kilichohifadhiwa. Kwa hiyo miezi ya joto yote ni kazi ya kuutafutia chakula ule msimu wa baridi. Mzee ninayemfanyia kazi ana ng'ombe wa maziwa wasiofika 30, na wiki hii tunakata nyasi. Kwanza anasikiliza utabiri wa hali ya hewa, maana anataka siku tatu za jua mfululizo. Alfajiri tunakamua, umande ukishakauka trekta inaingia. Nyasi zinatawanywa, zinageuzwa, zinageuzwa tena, jioni zinakusanywa kwa mistari umande usizilowanishe zote. Kwenye miteremko mikali trekta haipandi, basi tunashika reki, na bibi wa nyumba hii naye yumo. Siku ya tatu tunafunga marobota. Haraka haifai hapa: nyasi zilizofungwa na unyevu huchemka zenyewe, na wiki kadhaa baadaye zinaweza kuwasha ghala zima. Ndiyo maana wakulima wa huku huchomeka kipimajoto kirefu katikati ya lundo.

Mitamba nayo hupelekwa milimani mwezi huu na kurudi Septemba, ili nyasi za bondeni zipate kukatwa na kuwekwa akiba. Yaani ngitili hiyo, malisho ya akiba! Wazee wetu walifunga ngitili mvua zikielekea kuisha, na aliyeingiza mifugo kabla ya wakati alikutana na dagashida, baraza letu la jadi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga), ulioanza 1986, ulipata sifa yake kwa kuzifufua. Sisi hatuna theluji, lakini tuna Agosti, Septemba na Oktoba, na zinakuja kila mwaka. Hakuna anayeweza kusema zimemshtukiza.

Huku mkulima huhesabu marobota kwanza, kisha ndiyo anaamua ng'ombe wangapi wavuke baridi. Wanaozidi huuzwa mapema. Kwetu tunahesabu vichwa. Najua mnavyopenda kuulizwa mna ng'ombe wangapi, nami moyo hunijaa nikiwataja. Lakini ng'ombe anayeinuliwa kwa kushikwa mkia mnahesabu nini hapo?

Sasa fanyeni hivi. Maksai waliononoka wauzeni sasa, msingoje mnada wa Oktoba ambapo kila mtu anauza mifupa. Mabua yaliyobaki yakusanyeni, yawekeni juu ya uchanja wenye paa, mchwa na mvua visifike. Wakati wa kulisha yakatekateni, myanyunyizie maji ya chumvi. Majani ya karanga na choroko ni bora kuliko mabua, hayo ni ya ndama na wanaonyonyesha. Mwakani, nyasi zikianza kutoa maua na mvua zikipungua, zikateni. Msingoje zikauke zimesimama, hapo zimebaki kuni tu. Seremala atengeneze sanduku la mbao lisilo na kitako wala kifuniko, urefu sentimita 85, upana 55, kimo 45. Shindilieni nyasi humo, fungeni kwa kamba. Robota moja huwa na kilo 15 hadi 20. Ng'ombe wetu akiongezewa kilo 3 kwa siku baada ya kutoka malishoni, marobota kama 15 yanamvusha miezi mitatu. Anzeni na wanaokamuliwa, wote hamtawaweza mwaka wa kwanza.

Na ile ngitili ya babu mliyoigawa viwanja vya mahindi, irudisheni hata nusu yake. Hili nalisema kwa uchungu.

Hela ya mbao na ya fundi naituma mwisho wa mwezi. Majirani wakija kuazima sanduku, wapeni.