Manukato ya Maua Meupe Wakati wa Mchana

Mwenzetu mmoja alitoka Unguja, akatuletea chupa ndogo ya manukato ya asumini. Tukajipaka asubuhi, tukaingia darasani hapa Kibondo. Hata ilipopata saa nne, jua likawa kali, harufu ikazidi, na mtoto mmoja mwenye pumu akashikwa na kikohozi. Tukamtoa nje upesi. Tuliona haya sana. Lakini ua halina kosa. Asumini hufunguka jioni, na wanawake wa pwani hulitia katika vikuba vya usiku. Kwa mchana twapenda ua la mbuni, kama tulivyolijua utotoni Kasulu: nalo ni jeupe, lanukia karibu kama asumini, ila ni jepesi, tena hunyauka baada ya siku chache. Chupa tunayo bado. Twajipaka tone moja, Jumamosi jioni.