Barua kutoka Boston: OK si ya kwetu



Huku Marekani Waafrika tunapenda kuambiana kwamba OK ilitoka kwetu. Hoja yenyewe ni kwamba Wawolof wa Senegal huitikia kwa kusema waaw kay, yaani "ndiyo hasa", na watumwa wakavuka nayo bahari. Mwanaisimu David Dalby aliitetea rai hiyo, kwa hiyo si porojo za kijiweni. Hata hivyo, ushahidi unatuleta hapahapa Boston. Tarehe 23 Machi 1839, gazeti la Boston Morning Post lilichapa herufi o.k. na kuzifafanua papo hapo: all correct, yote sahihi. Enzi hizo wahariri walikuwa na mchezo wa kuharibu tahajia makusudi kisha kufupisha walichokiharibu. All correct ikawa oll korrect. Mtafiti wa asili ya maneno, Allen Walker Read, aliyapekua magazeti hayo na kutoa matokeo yake mwaka 1963 na 1964. Vifupisho vingi vya mzaha ule vilikufa. Hiki kiliokolewa na siasa: Rais Martin Van Buren, mzaliwa wa Kinderhook, New York, aligombea tena mwaka 1840, wafuasi wake wakamwita Old Kinderhook na kuanzisha OK Club. Yeye alishindwa, neno likabaki.

Mtu atauliza: magazeti yale yalikuwa ya Wazungu, maneno ya watumwa nani angeyaandika? Swali hili ni zito, na kulipuuza si haki. Lakini ikiwa ukimya wa maandishi hauthibitishi kwamba hawakulisema, hauthibitishi pia kwamba walilisema. Wala kufanana kwa sauti hakutoshi. Wachoctaw, wenyeji wa asili wa Marekani, nao wana okeh, na Rais Woodrow Wilson aliandika hivyo akiamini ndiyo asili. Wagiriki wanalo ola kala. Tukikubali kila mfanano, neno moja litakuwa na baba watatu.

Nami naona asili hiyo ya kiuhariri inaeleza vizuri zaidi matumizi ya leo. Yote sahihi ni kauli ya msahihishaji: hakuna kosa, basi. Ndiyo maana bosi wa huku akisema kazi yako ni OK, hajakusifu hata kidogo. Usianze kuhesabu nyongeza ya mshahara. Neno hilohilo hufungua kikao, humuuliza mtoto aliyeanguka kama ameumia, na huridhia bei dukani, kwa sababu halipimi ubora wa chochote.

Kuikosa OK hakutupunguzii urithi. Watu wa kusini mwa Marekani huziita karanga goober, na wanaisimu wanalihusisha neno hilo na nguba la Kikongo, lugha ya Kibantu kama hii tunayoandikiana. Mkitaka kudai neno, daini hilo.