Stima Ikirudi, Usikimbilie Seva

Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipotea karibu Kenya nzima. Tangu hapo wengi huniuliza jinsi ya kuzima seva salama. Wachache huuliza kuhusu kuziwasha, na hapo ndipo data huharibika.

Hapa Machakos natunza seva tatu za chama kimoja cha akiba na mikopo. Zinaendesha mashine pepe, yaani kompyuta zinazoishi ndani ya kompyuta, na zote zinatumia hifadhi moja ya diski.

Utaratibu wangu ni huu. Kwanza nangoja UPS zijae chaji, maana stima ikirudi yaweza kupotea tena. Kisha nawasha swichi za mtandao, halafu hifadhi ya diski mpaka itulie. Ndipo seva, moja baada ya nyingine.

Klasta ni kama mkutano: bila akidi hakuna uamuzi. Kwa seva tatu, akidi ni mbili. Usiilazimishe seva moja kufanya kazi peke yake. Huenda wenzake wako hai, ila mtandao tu umekatika. Basi mashine pepe moja itawaka mara mbili, zote zikiandika kwenye diski ileile.

Akidi ikitimia, washa mashine ya DNS, kisha hifadhidata, programu mwisho.

Haya yote yaandike kwenye karatasi. Yakiwa ndani ya seva iliyozimika, utayasomea wapi?

Mwanachama aliye dirishani atanung'unika kwa nusu saa. Salio lake likipotea, hatasahau.