Mfarishi Mwepesi na Baridi ya Milima ya Rwenzori

Kasese ni mji wa joto. Mchana kutwa jua huwaka juu ya mabati, na mtu anayenunua ndizi sokoni hutafuta kivuli cha kusimama. Mgeni akiambiwa kwamba upande wa magharibi, nyuma ya mawingu mazito yaliyofunika milima, kuna theluji na barafu, aghalabu hucheka. Lakini alfajiri moja mawingu yakipasuka, huiona kwa macho yake: nyeupe, imekaa juu kabisa, karibu sana na mstari wa Ikweta.

Hiyo ndiyo milima ya Rwenzori. Kilele chake kikuu, Margherita, kina urefu wa mita 5,109, na ni cha tatu katika Afrika baada ya Kilimanjaro na Kenya. Mpaka wa Uganda na Kongo hupita huko huko juu. Upande wa Uganda wanakaa Wakonzo, na upande wa Kongo Wanande, watu ambao lugha zao ni ndugu. Mwaka 1906 mwana wa ufalme wa Italia, Luigi Amedeo, alifika kileleni na kukipa jina la malkia wa nchi yake. Tangu siku hizo barafu imepungua sana, lakini baridi haijahama.

Askari wengi waliotumikia katika milima hiyo wakati wa vita dhidi ya waasi wa ADF hawahitaji kusimuliwa habari zake. Hifadhi ya taifa iliyoanzishwa huko mwaka 1991 ilifungwa mwaka 1997 kwa sababu ya vita hivyo, ikafunguliwa tena mwaka 2001. Leo njia zile zile hupitwa na wasafiri wa amani, na miongoni mwao wamo wananchi wenye kutaka kuijua nchi yao. Kwa mtu wa namna hiyo, jambo la kwanza la kufikiri si kilele. Ni kitu atakachojifunika usiku.

Hesabu yake ni rahisi. Kwa kila mita 1,000 ambazo mtu anapanda, joto hupungua kwa nyuzi kama 6. Kasese iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari. Kibanda cha Elena, ambako wasafiri hulala kabla ya kupanda Margherita, kiko juu ya mita 4,500. Tofauti hiyo huondoa nyuzi 21. Usiku ambao Kasese mtu analala kwa shuka moja, Elena maji huganda ndooni.

Mfarishi na kazi yake

Blanketi halina joto lake lenyewe. Joto ni la mwili, na kazi ya blanketi ni kuizuia hewa iliyopata joto isitoroke. Kwa hiyo kitu chenye kushika hewa nyingi kwa uzito mdogo ndicho bora, na hakuna kilichoyashinda manyoya ya malaika, yaani yale manyoya laini yasiyo na mti ambayo bata na bata bukini huwa nayo kifuani. Watu wa Iceland wameyakusanya kwa karne nyingi katika viota vya bata wa baharini. Mwaka 1922 mpanda milima George Finch alikwenda Everest na koti lililojazwa manyoya hayo. Wenzake walilicheka, lakini baridi ilipowapata walimwonea wivu.

Mfarishi wa safari ni mfuko wa nailoni nyembamba uliogawanywa vyumba kwa mishono, na kila chumba kimejazwa malaika. Unatofautiana na mfuko wa kulalia kwa jambo moja: hauna upande wa chini. Sababu yake ni kwamba manyoya yanayolaliwa hubanwa, hewa ikatoka, na yakabaki mzigo usio na faida. Huko Marekani, tangu miaka ya 1990, watembeaji wa masafa marefu walipunguza mizigo yao kwa kuuacha upande huo wa chini. Mfarishi wenye kustahimili nyuzi 5 chini ya sifuri huweza kuwa na uzito wa gramu 600 hadi 800 tu, na ukikunjwa hauzidi ukubwa wa mkate.

Lakini mwenye mfarishi hapana budi awe na kitandiko. Bila godoro jembamba la sponji au la kujaza hewa, ardhi itaunyonya mwili joto kutoka chini, hata kama juu amefunikwa na mifarishi mitatu.

Kuchagua

Ubora wa malaika hupimwa kwa kuchukua aunsi 1, yaani gramu 28, na kuona inajaza inchi ngapi za ujazo. Ya kawaida hujaza 550 au 600. Yaliyo bora hupita 800. Nambari kubwa maana yake ni joto lile lile kwa uzito mdogo zaidi, na bei kubwa zaidi. Mtu ambaye mshahara wake si mkubwa hana haja ya kuifukuza nambari ya juu kabisa. Gramu 150 za ziada begani ni nafuu kuliko deni.

Aliyeko dukani, au sokoni Owino mbele ya marobota ya mitumba, ana majaribio manne ya kufanya. Kwanza, aubane mfarishi kwa mikono miwili, kisha auachie. Ulio mzima huumuka upesi kama unga wenye hamira. Pili, auinue dhidi ya mwanga atazame kama kuna vyumba vitupu. Tatu, apapase kitambaa. Vijiti vingi vikimchoma, humo mna manyoya ya mabawa kuliko malaika. Nne, aunuse. Harufu ya uvundo ni dalili ya manyoya yaliyowahi kulowa yakakaushwa vibaya.

Vipimo navyo visipuuzwe. Mfarishi uanzie nyayoni ufike juu ya masikio na kubaki shubiri moja, na mabegani uwe na upana wa kutosha kumfunika mtu hata akijigeuza, sentimita 130 au zaidi. Sehemu ya miguu iwe imeshonwa kama mfuko. Kingo ziwe na mikanda ya kuufunga kwenye kitandiko, kwa maana upepo wa milimani hupenya pengo dogo kuliko mkono. Ama kipimo cha baridi kilichoandikwa na kiwanda, mara nyingi ni kile cha kuvumilia, si cha kulala kwa raha. Ni busara kuchagua ulioandikiwa baridi inayozidi ile itarajiwayo kwa nyuzi 5, hasa kwa wanawake, ambao kwa kawaida huhisi baridi mapema zaidi.

Njia ya maji

Manyoya ya malaika yana adui mmoja, na adui huyo ndiye mwenyeji wa Rwenzori. Yakilowa hushikamana kama pamba iliyotiwa uji. Hewa hutoka, na joto hutoka pamoja nayo. Miezi ya nafuu ni Desemba hadi Februari, na Juni hadi Agosti, lakini hata katika miezi hiyo mvua haikosekani.

Safari huanzia Nyakalengija, na usiku wa kwanza ni Nyabitaba, ndani ya msitu, ambako mfarishi huonekana kama anasa. Siku ya pili msafiri huvuka daraja la Kurt Schäfer, pale mito ya Mubuku na Bujuku inapokutana, kisha hupanda katikati ya miti iliyovaa kuvu na ndevu za kijani hadi kibanda cha John Matte. Siku ya tatu ni ya kinamasi cha Bigo. Hapo gambuti huzama, fimbo huzama, na mtu akiteleza huanguka na shanta lake lote. Pembezoni husimama lobelia ndefu kuliko mtu, na mimea mikubwa ya senecio yenye majani makavu yaliyouzunguka mti wake kama koti, kana kwamba nayo imejifunza kujihifadhi na baridi.

Kwa sababu hiyo mfarishi hufungwa kabla ya yote. Hutiwa katika mfuko mzito wa nailoni, hewa hukamuliwa, mdomo husokotwa na kufungwa. Kisha hutiwa katika mfuko wa pili, na kuwekwa katikati ya shanta kati ya nguo kavu. Hautumiwi kufunikia chakula wala kukalia. Jua likitokea mchana, hata kwa dakika 20, hutandazwa juu ya jiwe kavu, kwani jasho la usiku nalo huingia ndani ya manyoya, na unyevu wa siku tano ni mwingi kuliko wa siku moja.

Jioni hutolewa mapema na kukung'utwa ili uumuke. Mwenye kulala hubadili nguo zote zilizolowa, huvaa soksi kavu na kofia ya sufu, kwa kuwa mfarishi hauna kofia yake, kisha hula uji au chakula cha moto, maana mwili wenye njaa hauna joto la kuhifadhi. Chupa ya maji ya moto iliyovikwa soksi na kuwekwa miguuni husaidia hadi usiku wa manane. Pua na mdomo vibaki nje, ili pumzi isiyaloweshe manyoya.

Usiku wa Elena

Kutoka Bujuku kwenda Elena njia ni ya mawe na mwinuko mkali. Ni huko Bujuku, wala si Elena, ambako shauri hukatwa. Msafiri aufungue mfarishi wake auguse chumba kwa chumba. Ukiwa na unyevu kidogo, aukaushe ikiwezekana. Ukiwa umelowa, asipande. Maneno hayo ni mazito kwa mtu aliyelipa nauli, ada na likizo yake yote, tena kilele kimebaki siku mbili. Lakini baridi ya kuua haiji na ngurumo. Kwanza mtu hutetemeka. Kisha vidole hushindwa kufunga kifungo, na ulimi huwa mzito kama wa mlevi. Halafu mtetemo hukoma, naye husema kwamba sasa anajisikia vizuri. Hapo ndipo hatari ilipo kubwa kuliko zote. Mwenzake anayeziona dalili za kwanza amvue nguo zilizolowa, amfunike kwa vikavu, amlaze katikati ya watu wawili, ampe kinywaji cha moto na sukari akiwa bado anaweza kumeza, na kupanga kumteremsha.

Kuna jambo lingine la kutazama huko juu. Mzigo wa wageni hubebwa na wapagazi wa Kikonzo, wanaume wenye familia mabondeni, na si wote wenye kitu kizuri cha kujifunika. Msafiri mwenye adabu huuliza kabla ya kuondoka Nyakalengija kama kila mpagazi ana blanketi kavu na kitu cha kujikinga mvua, na kama hana, jambo hilo hutengenezwa hapo chini. Wepesi wa mfarishi hauna maana ukimpa mtu mmoja usingizi na kumwacha mwingine akitetemeka ukutani. Jeshini kila kiongozi analijua hilo: msafara huenda kwa nguvu za aliyechoka kuliko wote.

Nyumbani baada ya safari

Mfarishi ukirudi nyumbani usiachwe katika mfuko wake mdogo, kwa kuwa manyoya yaliyobanwa miezi mingi hayaumuki tena vizuri. Uwekwe katika mfuko mkubwa wa pamba au utundikwe kabatini. Ukichafuka, ufuliwe katika beseni kubwa kwa sabuni laini kidogo, ukandamizwe polepole bila kusugua wala kukamuliwa kwa kusokota. Usuuzwe mara tatu, kisha uinuliwe kwa mikono miwili kutoka chini, kwani uzito wa maji huweza kuipasua mishono ya ndani. Hutandazwa juu ya mkeka safi, hugeuzwa kila baada ya saa moja, na mabonge huvunjwa kwa vidole. Kazi hiyo huweza kuchukua siku mbili au tatu. Mfarishi uliokunjwa kabla ya kukauka kabisa huoza.

Mifarishi mikubwa ya vitanda vya Ulaya inayopatikana katika mitumba nayo ina faida, ila kitambaa chake cha pamba hunywa maji. Hiyo ifae watoto katika nyumba za Kabale na Kapchorwa, si kinamasi cha Bigo. Mama anayetaka kugawa mmoja kwa vitanda viwili ashone kwanza mistari miwili iliyo karibu, kisha apitishe mkasi katikati yake. Akikata kabla ya kushona, chumba kizima kitajaa manyoya.

Na lile blanketi zito la sufu lililomo sandukuni lisitupwe. Sufu huhifadhi joto kiasi hata ikiwa na unyevu, sifa ambayo malaika hayana. Wahenga waliposema usiache mbachao kwa msala upitao, hawakuijua Elena, lakini kama wangelala huko usiku mmoja wa mvua, wangelirudia neno lao asubuhi.