Nyumba imejaa watu, mtoto hana wa kuongea naye

Homa ya uti wa mgongo ilimwachia binti yangu uhai, ikachukua usikivu wake. Alikuwa hajaanza shule. Mimi na baba yake tulikubaliana kwamba hapelekwi mbali. Atasoma shule ya mtaani pamoja na dada zake. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ilikuwa upande wetu, na mwalimu mkuu alimpokea kwa moyo mweupe, akamketisha dawati la mbele.

Madaftari yake yalitupa fahari. Mwandiko safi, tiki kila ukurasa. Kisha shangazi yake akamwonyesha sentensi aliyoiandika mwenyewe, "Mama anapika ugali", akamwashiria aeleze maana yake. Mtoto akainakili upya chini yake kwa unadhifu uleule, akainua uso akisubiri tiki.

Aliyenigeuza ni fundi cherehani wa sokoni, kiziwi. Alikaa na binti yangu kidogo, akamfundisha alama ya maji, ya mama, ya njaa. Kisha akaniandikia nyuma ya karatasi ya vipimo: "Huyu ana akili. Hana wa kuongea naye." Nyumba yetu imejaa watu, na ilikuwa kweli.

Tukampeleka shule ya viziwi, bweni. Majirani walisema tumemtupa. Mtoto mwenye ulemavu wa miguu, anayehitaji njia ya mteremko na choo kipana, mpaka leo nasema asome na wenzake wa mtaani. Kiziwi anahitaji lugha kwanza, na lugha haijengwi kwa saruji. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009, unalisema hilo katika ibara ya 24: nchi ziwezeshe kujifunza lugha ya alama, na viziwi wafundishwe kwa lugha inayowafaa.

Likizo ya kwanza alirudi na hadithi ya ugomvi wa bwenini: nani alianza, nani alisingiziwa, matroni alivyonuna. Sikuelewa hata nusu, nikalia kwa furaha. Sasa fundi anatufundisha alama sisi nyumbani, na dada zake wametuacha mbali.

Inayoninyima usingizi ni sekondari. Kila shule tunayotajiwa, kabla ya habari za sare na godoro, nauliza: walimu wangapi wa masomo wanajua lugha ya alama?