Nilichora nyumba ya mama Unyambwa, bibi akaisahihisha

Unyambwa si mbali na Singida mjini. Ukipanda bodaboda, muda si mrefu unaacha maduka nyuma na kukutana na mawe makubwa, mashamba ya alizeti na upepo usiochoka. Nilikwenda Agosti, alizeti imeshavunwa, mbuzi wakizunguka kwenye mabua.

Mama yangu alikulia huko. Alifariki nikiwa na miaka minne. Mwaka huu mwanangu amefikisha umri huohuo, akaniuliza bibi yake alikuwaje. Sikuwa na jibu. Kitu pekee nilichonacho kinachotutaja mimi na mama pamoja ni kadi yangu ya kliniki. Inaonyesha uzito wangu na chanjo nilizopata. Haisemi mama alichekaje.

Nilikuwa nimeshamwomba bibi kwa simu anisimulie. Jibu lake lilikuwa fupi: "Alikuwa mtoto mzuri, mjukuu wangu." Basi.

Safari hii nilibeba daftari na penseli. Wazo nililipata Uganda, kwa kusoma tu. Miaka ya 1990, wakati dawa za kufubaza VVU zilikuwa hazijawafikia wengi, kina mama wanaoishi na virusi hivyo, kupitia chama chao cha NACWOLA, waliwaandalia watoto wao vitabu vya kumbukumbu. Waliandika mtoto alizaliwa wapi, ukoo wake ni upi, baba yake alikuwa mtu wa namna gani. Waliweka picha na michoro. Kwa wengi, kitabu hicho ndicho kilichofungua njia ya kumwambia mtoto ukweli kuhusu ugonjwa wa mama.

Nilikaa chini ya mti, nikaanza kuchora tembe waliloishi zamani, ambalo sasa ni kifusi cha udongo. Mimi si mchoraji. Lilitoka kama kiberiti.

Bibi akasogea, akatazama, akacheka. "Mlango haukuwa hapo. Ulitazama kule kwenye jiwe."

Nikafuta, nikachora upya.

"Na hapa palikuwa na kinu. Hapo ndipo mama yako alijificha siku niliyotaka kumchapa. Maziwa yote alimpa mbwa!"

Sikuwahi kusikia habari za huyo mbwa. Niliandika pembeni ya mchoro, kwa maneno yaleyale ya bibi. Kisha akachukua penseli mwenyewe na kuweka alama ndogo juu ya jiwe.

"Huyu ndiye yeye. Alikuwa akipanda pale kuangalia kama baba yake anarudi mnadani."

Akanyamaza kwa muda mrefu. Nami sikuuliza kitu. Jioni tulikula ugali na mlenda, na yeye ndiye aliyesema, "Lete lile daftari, tumesahau zizi."

Mzazi mwenzangu, ukimwambia mzee "nisimulie", mara nyingi hajui aanzie wapi. Ukimwekea mchoro wenye makosa, ataanza kusahihisha, na simulizi zitafuata. Chora jiko, kisima au njia ya kwenda shule. Andika pembeni alichosema, weka tarehe na jina la mahali. Akichoka au akihuzunika, funga daftari, mtaendelea siku nyingine. Na usiwangojee wazee tu. Andika habari zako pia, ukiwa mzima, mtoto wako akiwa bado mdogo.

Niliporudi nyumbani, mwanangu alilikagua lile tembe, kinu, zizi na ile alama juu ya jiwe. Nikamsimulia habari ya maziwa.

"Mbwa yuko wapi?" akauliza.

Kweli, nilimsahau. Nikampa penseli. Alichora mbwa mkubwa kuliko nyumba, na nimemwacha hivyohivyo. Mwezi wa Desemba nitampeleka Unyambwa, bibi amsahihishe.