Tusiwaketishe Wazee Wetu

Kwetu Tanga, heshima ya mzee ni kuketishwa. Akiingia, kijana huondoka kitini. Akishika ndoo, hupokonywa. Nasi tulioko Uingereza tumezidisha: tunalipa binti wa kazi, tunavuta bomba hadi jikoni, tunamwekea bodaboda ya kumpeleka sokoni, kisha tunapiga simu: "Mama, umeshahangaika vya kutosha, sasa pumzika." Ni mapenzi ya kweli, na ndiyo yanayomdhoofisha. Msuli usiotumiwa hunywea, na mtu akishavuka miaka 60 hunywea kwa kasi zaidi.

Kinachoniuma ni kwamba jambo hili tunalijua vizuri. Wengi wetu huku riziki yetu ni kutunza wazee, na katika mafunzo tunaambiwa: usimfanyie mzee anachoweza kujifanyia. Mwache achane nywele zake, afunge vifungo vya shati, ajikongoje mwenyewe hadi chooni hata kama itachukua robo saa. Tumeshaona mtu aliyekwenda hospitali kwa miguu yake akalazwa siku chache tu, akirudi miguu haimbebi. Tunamshika mkono mzee wa watu, tunamhesabia hatua, tunashangilia akifika dirishani. Zamu ikiisha, tunatuma pesa ili mama zetu wasiinuke.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unataka mtu wa miaka 65 na kuendelea apate kila wiki dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani, mazoezi ya nguvu angalau siku 2, na ya kuufanya mwili usiyumbe angalau siku 3, asije akaanguka. Si lazima apelekwe kwenye ukumbi wa vyuma. Mama yangu mkubwa huketi juu ya mbuzi, akakuna nazi mbili, akainuka bila kushika ukuta. Huku wataalamu hupima nguvu za miguu kwa kumwambia mtu ainuke kitini, mikono kifuani, mara nyingi awezavyo kwa sekunde 30; naamini mama mkubwa angewashinda wengi ninaowahudumia. Tena anaswali, na rakaa 17 za faradhi kila siku humshusha sakafuni na kumsimamisha tena.

Sisemi warudishwe kubeba kuni kichwani. Mzigo ule umeharibu migongo mingi. Na mwenye presha au goti bovu amsikilize daktari wake kwanza. Bomba libaki, binti wa kazi abaki, ila asikabidhiwe kila kitu.

Ndugu yangu, ukipiga simu Jumapili usiishie kuuliza kama dawa zimefika. Muulize mama leo ametembea hadi wapi. Akikwambia alikuwa akipalilia tuta lake la mchicha, usimgombeze. Mpongeze, umwombe na kesho arudi.